Hatimaye tumehamia PostgreSQL 17

Jana usiku nimemaliza kazi iliyonikosesha raha muda mrefu: kuhamisha hifadhidata ya duka kutoka PostgreSQL 13 kwenda 17 (PostgreSQL ni programu ya kuhifadhi na kusimamia data). Seva yetu inatumia Debian 11, mfumo endeshi wa Linux, na Debian hubaki na toleo lile lile la PostgreSQL ililotoka nalo. Naupenda sana utulivu huo. Lakini toleo la 13 liliacha kupata marekebisho Novemba 2025, na taarifa za wateja haziachwi hivyo.

Niliongeza hazina ya programu ya mradi wenyewe wa PostgreSQL, apt.postgresql.org, pamoja na ufunguo wake wa kuthibitisha vifurushi, nikasakinisha postgresql-17. Hakuna kosa lolote. Nikauliza toleo: 13! Nusu saa nzima nahangaika, saa sita usiku. Kumbe Debian huyaweka matoleo mawili pamoja, la zamani kwenye poti (namba ya mlango ambao programu huunganishia) 5432, jipya kwenye 5433 likiwa tupu. Amri ya pg_lsclusters ilinionyesha yote kwa mistari miwili tu. Laiti ningeanza nayo.

Nikachukua nakala kwa pg_dumpall na kuifungua kuhakikisha data imo kweli (jamani, msiruke hatua hii). Nikaliondoa lile tupu kwa pg_dropcluster, kisha nikaendesha amri ya pg_upgradecluster 13 main. Yenyewe ikahamisha data na kulipa toleo jipya poti 5432, programu ya duka haikuhitaji kuguswa.

Asubuhi mauzo yameingia kama kawaida. La 13 bado nimelizima tu, nitalifuta wiki ijayo. Nimefurahi mno!