Fukuto la Dar sio joto la Dodoma

Toka kazi inihamishie Dodoma nimekuwa mtu wa kubishana na watu kuhusu joto. Nikishuka Dar naulizwa "huko juani mnaishije?" na mimi nawaambia nyie ndo wa kuhurumiwa, mana simu inaweza kuonyesha digrii 32 kote kuwili lakini hizo sio 32 moja. Dodoma nafua asubuhi, hata jinzi, mchana naikunja. Dar kwa bi mkubwa taulo linashinda kambani na usiku bado lina ubichi, na mkanda wa ngozi ukiusahau kabatini unaota ukungu. (Sisemi Dodoma ni peponi, midomo inapasuka na mafuta ya mgando yana bajeti yake.)

Mambo yote yako kwenye jasho. Kinachompoza mtu sio kutoka jasho, ni lile jasho kukauka, linaondoka na joto la mwili. Sasa hewa ikishajaa mvuke jasho litaenda wapi? Linatiririka tu mgongoni, umelowa na joto umebaki nalo. Wataalamu wanapima hili kwa kufunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto alafu wanakipulizia upepo: kwa hizo hizo 32, unyevu ukiwa asilimia 30 kipimo kinashuka mpaka kama 20, ila unyevu ukiwa asilimia 70 kinagoma kwenye 27 hivi. Kikifika 35, hata kijana mzima kabisa aliyekaa kivulini na maji yake pembeni, mwili unashindwa kujipoza. Alafu majaribio ya chuo cha Penn State, Marekani, yalionyesha vijana wanaanza kuelemewa mapema kuliko hapo, kwenye 31 hivi.

Sasa dunia inavyozidi kupata joto, kila digrii 1 ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na pwani mvuke haukosekani, bahari si iko hapo mlangoni na yenyewe inazidi kupata joto. Na mvuke unazuia joto la ardhini lisipotelee juu, ndo mana Dar saa 8 usiku pangaboi linazunguka na bado unageuza mto kutafuta upande wa baridi. Huku bara ni kingine: nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, mvuke unaoletwa na upepo kutoka baharini hautoshelezi, hewa inabaki na kiu na inanyonya maji kwenye udongo na majani. Mwenye shamba la zabibu anaweza kupata mvua ile ile ya mwaka juzi na udongo ukakauka mapema.

Walioonja makali ya fukuto zaidi ni watu wa Ghuba na jirani zao. Ras al Khaimah kule Emirati na Jacobabad ya Pakistani vituo vya hali ya hewa vimewahi kusoma ile 35 ya kitambaa kibichi, japo kwa saa moja mbili tu. Binamu yangu yuko ujenzi Muscat, na Oman sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu mpaka saa 9 na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Sheria nzuri, ila inafuata saa ya ukutani, na yeye anasema kinachomuua ni jioni upepo wa bahari ukishaingia na unyevu wake, jua limeshapoa na shati linakamulika. Qatar naona wamewaza zaidi, tangu 2021 juu ya saa za kupumzika wakaweka na kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo, kikipita 32.1 kazi inasimama hata kama ni saa 3 asubuhi. Kitu hicho Dar ingekuwa nacho Februari na Machi, kabla masika hayajaingia, wale wanaomwaga zege saa 8 mchana wangekuwa na cha kumuonyesha msimamizi.