Maji ya Mita 150

Boti tuliipata kwa sababu ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti kitu, kwa hiyo pale Kibirizi, Kigoma, nyavu hukunjwa siku kadhaa. Nahodha mmoja mzee akakubali kunipeleka mimi na mwenzangu wa chuo tukapime maji ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa Machi 2008.

Kamba yetu ilikuwa na fundo kila mita 10. Nilihesabu mafundo 15, nikaachia kile kichuma kinachoteremka kufunga chupa ya kuchotea maji iliyo mwisho wa kamba. Kuivuta kulinichubua viganja. Nilipofungua kibomba, mzee alirudisha kichwa nyuma.

“Binti, maji gani haya? Yameoza!”

Yalinuka yai viza. Nikamweleza kwamba huko chini hewa imekwisha, samaki haishi. Lakini ndiko iliko mbolea, maana kila kinachokufa juu huzama. Upepo wa kiangazi ukivuruga ziwa, mbolea hupanda, mwani unastawi, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa. Shida ni joto. Maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hushindwa kuyachanganya.

Nilikuwa nimeusoma utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake wa mwaka 2003, uliokadiria kuwa uzalishaji wa mwani humo ulikuwa umepungua kama asilimia 20, na kwamba samaki wangeweza kupungua kama asilimia 30. Darasani zilikuwa namba tu. Mle botini nilikuwa nazisema mbele ya mtu anayekula kwa ziwa hilo, na sauti ilinipungua.

Alitaka kujua kipimajoto kimesema nini. Juu nyuzi 27, chini 24 na kidogo.

“Tatu tu ndizo zinazuia?”

“Hizo tu, mzee.”

Alikaa kimya kitambo. “Marehemu baba alivua hapa hapa. Enzi zake zilikuwa ngapi?”

Nilimwambia viko vipimo vya mwaka 1913, na kwamba tangu hapo maji ya juu yamepata joto haraka kuliko ya chini. Tofauti imezidi kukua.

Akanitazama viganja, akaichukua kamba. Akaishusha mwenyewe, akihesabu mafundo kwa sauti ili mwenzangu aandike.