Jogoo wa Mogiła

Jumapili iliyopita niliamshwa na jogoo. Nikacheka peke yangu kitandani, maana anwani yangu inasema Kraków, jiji kubwa la Polandi. Jogoo hasomi anwani.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja huku Mogiła, mashariki ya jiji. Mbele yake namwita Pani, ndivyo adabu ya hapa inavyotaka. Moyoni namwita bibi. Mogiła kwa Kipolandi ni kaburi. Nilipompigia mama Arusha kumwambia nimehamia Kaburini, hakucheka hata kidogo.

Kaburi lenyewe lipo. Ni kilima cha udongo cha kama mita 14, kilichorundikwa na watu, na simulizi husema ndani amelala Wanda, binti wa mfalme aliyejitupa mto Vistula asiolewe na mtawala wa Kijerumani. Juu yake yupo tai wa marumaru aliyebuniwa na mchoraji Jan Matejko, ambaye alikuwa na nyumba Krzesławice, kijiji jirani. Watawa wa Cistercian walihamia hapa mwaka 1222, wakaiita abasia yao kwa Kilatini Clara Tumba, kaburi angavu. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la mbao, na mlango wake ulichongwa mwaka 1466. Mimi hupita hapo kila siku nikiwa na mfuko wa mkate.

Halafu ukaja mwaka 1949. Serikali ya kikomunisti ilikuwa imeamua kujenga kiwanda kikubwa cha chuma pamoja na mji mpya wa watu 100,000, na mahali palipochaguliwa ni mashamba haya. Jengo la kwanza la makazi lilianzwa Juni 23, kwenye ardhi ya Mogiła, na mtaa ule ukapewa jina la Wanda. Mji wenyewe ukaitwa Nowa Huta, yaani kiwanda kipya cha kuyeyushia chuma. Mwaka 1951 vyote, mji na vijiji, vikaingizwa Kraków. Tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1954, kiwanda kikapewa jina la Lenin.

Bibi alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni vigingi vya wapima ardhi katikati ya ngano ambayo haijaiva, na baba yake akivizunguka bila kuvigusa, kama mtu anayekwepa nyoka. Hapo ndipo roho inaponiuma. Nimekulia Meru, udongo mweusi naujua, na huu wa Mogiła nimeushika kwenye bustani ya bibi: mweusi, laini, unanata kucha. Mtu mwenye macho angewezaje kumwaga zege juu ya udongo kama huu?

Mji mpya ulichorwa bila kanisa. Kwa hiyo wale vijana waliokuja kujenga ujamaa walikuwa wakishuka kwa miguu hadi huku kijijini kusali misa. Na mwaka 1979, Papa Yohane Paulo II alipozuru nchi yake, wakubwa hawakumruhusu kuingia Nowa Huta, basi akaja Mogiła, kwenye abasia. Bibi anasema alisimama karibu na uzio, akaona kofia nyeupe tu. Hadithi hiyo nimeshaisikia mara nne, na kila mara uzio unasogea karibu zaidi na Papa.

Tanuru la mwisho lilizimwa 2019, halikuwashwa tena. Ngano nayo haijarudi. Bibi analima viazisukari vyekundu vya kupikia supu, maharage na vitunguu kwenye kipande kilichobaki nyuma ya nyumba, na jogoo ni wa jirani.

Leo asubuhi alikuwa na miadi na daktari wa macho katikati ya jiji. Amefunga kilemba chake kizuri, amechukua mkoba, tramu inasimama mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni. Nikamuuliza anakwenda wapi.

“Naenda Kraków,” akanijibu. “Ufunguo uko chini ya chungu cha maua.”