Karanga anajifunza kusalimia

Jumapili, saa tatu usiku. Karanga, mtoto wangu wa mbwa, kalala juu ya mguu wangu wa kushoto, ganzi ilishaingia zamani ila sitaki kumwamsha maana leo kafanya kazi kubwa sana kwa umri wake. Jana kachomwa dozi ya mwisho ya chanjo, katimiza wiki 16, na mimi nimekaa hapa Goba, Dar, na feni yangu nawaza tulikotoka naye.

Bado inaniuma ile wiki ya kwanza. Nilimchukua Madale akiwa na wiki 8, kakahawia kama karanga za kukaanga ndo maana ya jina, na kichwani kwangu nilikuwa na imani moja niliyokua nayo tangu utotoni, kwamba mbwa ni mbwa tu, wakikutana watajuana wenyewe. Basi jioni moja nikafungua geti, nikamweka chini, kamba nimeikamata fupi kabisa, nikamwambia haya salimia majirani. Jirani ni saiti ya ujenzi na mlinzi pale ana mbwa wawili, dume la njano na mweusi mmoja mwenye sikio lililokatika. Wakaja mbio, moja kwa moja, uso kwa uso. Karanga akafyata mkia mpaka ukagusa tumbo, akajikojolea palepale, akatoa kelele ambayo sijawahi kuisikia tena mpaka leo. Nikamnyakua juu na lile la njano likaruka kumfuata, jino likanikwaruza mkono chini ya kiwiko. Mlinzi akapiga mluzi wakaondoka. Labda dakika moja yote hiyo.

Niseme hapa kuhusu mkono kwa sababu watu wengi wanapuuza mkwaruzo. Nilienda bombani nikaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni ya kipande dakika 15 nzima, naangalia saa ya simu, halafu nikapanda boda mpaka hospitali nikaanzishiwa chanjo siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo hapo hakuna cha "tusubiri tuone". Mlinzi nilimwomba asilifukuze wala kuliua lile dume, aliangalie siku 10 kama litaonyesha dalili, na siku 10 zikapita linakula vizuri linabweka kama kawaida. Nilishukuru Mungu. Sindano zangu nilimaliza kama nilivyopangiwa.

Ila Karanga ndo alikuwa ameumia bila kidonda. Kila mbwa akibweka mtaani anaingia chini ya meza ya jikoni, nyuma kabisa karibu na mtungi wa gesi, na hatoki hata kwa dagaa.

Nikampigia daktari wa mifugo nikamwambia nimeamua kumfungia ndani mpaka chanjo zote ziishe. Akaniambia hapana dada, ukisubiri mpaka hapo utakuwa umechelewa. Akanielezea kwa utulivu kabisa, na kwa kweli nilikuwa sijui. Kuna kipindi, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka wiki ya 12 au 14 hivi, ndo ubongo wa mtoto wa mbwa unapanga dunia, kipi cha kawaida na kipi cha kuogopa, na baada ya hapo mlango unaanza kufunga. Sasa chanjo nazo zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo isishike, na huwezi kujua kwa huyu itaisha lini. Yaani vipindi viwili vinapandana. Na parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuhara damu, haina mchezo, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida haikiui, jiki ndo inakiua. Kwa hiyo mtoto hashuki chini sehemu ambayo mbwa koko wanajisaidia, lakini pia hafungwi ndani. Unamtafutia mbwa wachache, wazima, waliochanjwa, sehemu safi, na kwingine kote unambeba.

Basi nikambeba. Kikapu cha ukindu nilichokuwa naendea sokoni kikawa cha Karanga, kitenge cha zamani chini, tunakaa stendi ya bajaji nusu saa jioni anasikiliza honi, watoto, mama anayekaanga mihogo, pikipiki bovu moja ya pale inayopasuka kama baruti. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya nne alisinzia, kidevu kwenye ukingo wa kikapu.

Mbwa wake wa kwanza wa kukutana naye vizuri tulimpata kwa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mbona huyo mtoto anabebwa kila siku kama mgonjwa. Nikamsimulia. Akasema mlete kwa Malkia, huyu bibi kalea watoto mikupuo mitatu, atamfundisha. Malkia ana miaka 9, jike, kadi yake ya chanjo mzee anaitunza kwenye bahasha pamoja na hati za kiwanja, nikaiona kwa macho yangu. Tukakubaliana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waliotoka swala ya alfajiri wameshafika makwao, maana mtu na kanzu yake safi akiguswa na pua yenye mate inabidi akajitwaharishe upya, na mi sitaki mbwa wangu awe kero kwa jirani yeyote. Hatukukutana kwa mzee wala kwangu. Kuna kichochoro cha pevingi katikati ya fensi mbili, mbwa koko hawapiti, si kwa Malkia wala si kwa Karanga, hakuna wa kulinda kitu.

Mzee akasema usiwakutanishe, tembea tu. Yeye na Malkia upande ule, mimi na Karanga upande huu, kama mita 10, wote tunaelekea njia moja kama watu wanaokwenda stendi wasiojuana. Kamba nililegeza. Hii ilikuwa ngumu kwangu kuliko kwa Karanga, mkono ulikuwa unataka kuvuta wenyewe, lakini kamba ikikaza mbwa anajua kuna hatari na pia anakosa pa kukimbilia. Mizunguko miwili ya kwanza alikuwa analamba pua, anapiga miayo, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Zamani ningesema ana usingizi. Hizo ni dalili za wasiwasi, ukiziona ongeza umbali, na tukaongeza. Mzunguko wa tatu akaanza kunusa chini. Wa tano mkia ukashuka kutoka tumboni, ukakaa wenyewe tu, umelegea.

Malkia muda wote hakumtazama hata mara moja. Mwishoni akasimama akageuza ubavu, kama anamwambia haya njoo. Karanga akaenda kwa kujipinda, si moja kwa moja, akanusa nyuma, moja, mbili, tatu, nikamwita kwa sauti ndogo na kipande cha ini, akarudi. Akaenda tena mwenyewe. Mara ya tatu akapitiliza akamng'ata bibi wa watu sikio. Malkia akanguruma, mara moja, fupi, mdomo umefungwa. Moyo ulinipasuka nikataka kumnyakua, mzee akaninyooshea kiganja, tulia mwanangu. Karanga akajilaza chali, tumbo juu. Malkia akanyamaza hapohapo, akanusa lile tumbo, akaondoka zake. Sekunde kadhaa Karanga akainuka, akajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka kwenye maji, akamfuata tena, safari hii kwa adabu. Nililia pale kwenye pevingi, sioni aibu kusema.

Tangu hapo amekutana na mbwa wanne wengine, wote mmojammoja, hakuna bakuli wala mfupa karibu. Mmoja ni kijana wa miezi 10, mchangamfu mno, anamkalia. Hapo nilijifunza kitu kizuri sana, unamshika yule mkubwa kwenye kola kidogo halafu unaangalia mdogo anafanya nini. Akirudi mwenyewe kumchokoza basi ni mchezo, akienda kujificha basi mchezo umeisha, hata kama mwenye mbwa anakuambia aah wanacheza tu. Siku hiyo Karanga alijificha, tukaenda nyumbani.

Huwa naumia nikiona mtoto wa mbwa kafungwa mnyororo tangu akiwa na miezi miwili eti awe mkali. Woga ule ule niliouona getini kwangu ndo anafugiwa nao, mpaka anazeeka.

Leo asubuhi tukatoka geti kwa miguu yake mwenyewe. Lile dume la njano lilikuwa limelala kivulini kwenye rundo la mchanga, pale pale. Likainua kichwa. Karanga akasimama, akaingia nyuma ya miguu yangu, nikasikia mwili wake umenigusa kigimbi. Sikusema twende, sikumbeba, nililegeza kamba nikasubiri. Akachungulia. Mkia ulikuwa chini ila haukugusa tumbo. Dume likalaza kichwa tena. Karanga akapiga mwayo mmoja mrefu, akanusa hewa, halafu akageuka mwenyewe kuelekea kwa mzee, kwa Malkia, na mimi nikamfuata.