Dallol ya Waafar, nikiitazama kutoka Uvinza

Ukitafuta Dallol ya Ethiopia kwenye intaneti utaletewa namba moja kabla ya kitu kingine chochote, nayo ni joto. Vipimo vilivyochukuliwa hapo kati ya 1960 na 1966 vilitoa wastani wa mwaka mzima unaopita nyuzi 34 za Selsiasi, usiku na mchana vikijumlishwa, na tangu hapo jina la Dallol limeingia kwenye vitabu vya rekodi kama mahali penye joto kuliko pote palipowahi kukaliwa na watu. Baada ya namba hiyo zinafuata picha za madimbwi ya kijani na manjano yanayotokota. Halafu basi. Watu hawamo.

Mimi ni mzaliwa wa Uvinza na nafundisha jiografia hapa Kigoma mjini. Jambo hili linaniuma, maana Uvinza yetu nayo inasimuliwa hivyohivyo na waliowahi kupita na treni: jua, vumbi, mifuko ya chumvi dirishani, kituo kinachofuata.

Kwa hiyo leo naandika kuhusu Dallol kama ninavyotaka kuifundisha. Kwanza, Dallol si jina la volkano tu. Ni woreda, ngazi ya utawala inayokaribiana na wilaya yetu, ndani ya jimbo la Afar kaskazini mashariki mwa Ethiopia. Juu ya woreda kuna zoni, chini yake kuna kebele. Magharibi Dallol inapakana na jimbo la Tigray, kaskazini mashariki na Eritrea, na kusini na woreda za Koneba na Berahle. Upande wa Tigray ardhi inashuka kwa mabonde na makorongo kutoka nyanda za juu zenye baridi. Upande wa mashariki mteremko unaishia kwenye uwanda wa Danakil, ambao sakafu yake iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari.

Hapo kwenye "chini ya usawa wa bahari" darasa zima huwa linanitazama kwa wasiwasi. Huwa nawapeleka kwanza nyumbani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Toa hesabu hiyo mwenyewe: sakafu ya ziwa letu iko zaidi ya mita 600 chini ya usawa wa bahari, chini kuliko Danakil kwa mbali. Kote kuwili ni kazi ya ufa uleule mkubwa unaoipasua Afrika ya Mashariki, sisi tukiwa kwenye mkono wake wa magharibi na wao mahali unapokutana na Bahari ya Shamu. Ila huku mito ililijaza shimo kwa maji matamu. Kule bahari iliingia, ikafungiwa nyuma ya vilima, ikakauka. Na ikarudia hivyo zaidi ya mara moja katika maelfu kwa maelfu ya miaka. Kilichobaki ni chumvi yenye unene wa mamia ya mita.

Chumvi ndiyo iliyonifikisha Dallol. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mpangaji, injinia wa maji kutoka Mekelle, mji mkuu wa Tigray. Siku za kazi alikuwa Kasulu kwenye shughuli za kambi ya wakimbizi, mwisho wa wiki anarudi hapa Mwanga, mtaa wetu Kigoma mjini, kufua na kulala. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi ya visima kule Berahle, jirani kabisa na Dallol. Jioni moja alimkuta mama yangu anapima chumvi kwa sado, akaacha ndoo yake ya maji mlangoni, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa gazeti.

Lilikuwa pande la chumvi lililovunjika kutoka kwenye jiwe kubwa zaidi. Sijaona chumvi ya namna ile. Si punje, ni ubao. Ukiutazama ubavuni unaona tabaka juu ya tabaka kama chapati za kusukuma, nyeupe, kisha mstari mwembamba wa udongo wa kahawia, kisha nyeupe tena. Ile mistari, alituambia, ni vumbi na tope la mafuriko. Maji yanatanda juu ya uwanda, yanakauka, chumvi inalala juu yake. Upande mmoja ulikuwa umechongwa ukanyooka, na alama za chuma zinaonekana bado, fupifupi, zote zimeelekea upande mmoja. Mama alipitisha kidole gumba juu ya zile alama akauliza, "Nani amelichonga hili?" Hakuuliza limetoka wapi. Aliuliza mtu.

Injinia akakaa chini, akaeleza mpaka chai ikapoa. "Mama, pale hakuna anayefanya kazi zote," alisema. Kuna wanaopasua gamba la uwanda kwa shoka, kisha wanachomeka magongo marefu ufani na kuyalalia kwa pamoja mpaka bamba zima linanyanyuka na kung'oka. Hao hawachongi. Wachongaji wanakaa chini juu ya chumvi yenyewe, miguu wameikunja, na chombo kifupi kama tezo, wanayapunguza mabamba yawe mawe ya ukubwa mmoja ili yapangike sawasawa mgongoni mwa ngamia. Jiwe la sentimita chache zaidi litaegemea vibaya na kumchubua mnyama njia nzima. Halafu kuna wenye misafara, wengi wakiwa watu wa nyanda za juu za Tigray, wanaoshuka na ngamia, nyumbu na punda, wamebeba majani ya kulisha wanyama, maana uwandani haioti hata nyasi moja. Kazi inaanza alfajiri, na msimu wake mkubwa ni miezi ya afadhali, kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi. Katikati ya mwaka, joto linapovuka nyuzi 45, uwanda unawashinda hata wenyewe.

Mama alisikiliza yote hayo kwa namna ya mtu anayesikia habari za ukoo. Kwetu nako, kabla ya kiwanda, chumvi ilikuwa na utaratibu wake. Maji ya chumvi yanachipuka karibu na pale mto Ruchugi unapoingia mto Malagarasi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kiangazi watu walikuja kutoka Buha, Unyamwezi, mpaka Burundi, wakapiga kambi, wakachota, wakachemsha kwa kuni za miombo, na watemi wa Wavinza wakachukua sehemu yao. Ndiyo maana Uvinza ilikuwa na nguvu ya kumtoza kila msafiri. Stanley alipopita 1871 akielekea Ujiji alilazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa Wavinza ili avushwe Malagarasi. Wanafunzi wanalijua jina la Stanley. Wavinza waliomtoza hawawajui.

Kule Danakil ngamia wakishapakiwa wanapita kwenye korongo kuelekea Berahle, na zamani walipanda nao siku kadhaa mpaka soko la Mekelle, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baadaye barabara ya lami ikashuka, chumvi ikawa inapokelewa Berahle na malori yanamalizia safari. Injinia alikuwa mtoto enzi za misafara ya Mekelle. Alisema ulikuwa unaijua wiki ya soko kwa harufu ya ngamia kabla hujawaona.

Mawe hayo, yakiitwa amole, yalikuwa pesa. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyekuwa Ethiopia kuanzia 1520, aliandika kwamba chumvi ilitumika kununulia vitu nchi nzima, na kwamba kadiri ulivyokwenda mbali na mahali inapokatwa ndivyo thamani yake ilivyopanda. Iliendelea kutumika hivyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Nikilifundisha hili sihitaji kueleza sana. Kila mtoto wa Kigoma anajua kwamba migebuka, samaki wa ziwa letu, inapoondoka mwaloni Kibirizi inaanza kubadilisha bei kabla haijafika stesheni.

Sasa Waafar wenyewe. Ni wafugaji, wa ngamia na mbuzi hasa, ni Waislamu, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, ndugu wa karibu wa Kisaho. Nchi yao imekatwa mara tatu: Ethiopia, Eritrea na Djibouti. Kwa Mwafar wa Dallol, mpaka wa woreda na hata wa taifa unapita katikati ya malisho ya ukoo. Nyumba yao ni ya fito zilizopindwa na mikeka ya mkoma, wanawake ndio wanaoijenga, na ndio wanaoivunja na kuipakia juu ya ngamia malisho yakiisha. Mtawala anayetaka kuhesabu kaya na kuchora kebele ana kazi ngumu hapo. Sisi tunalijua kwa kiasi. Uvinza ilikatwa kutoka Kigoma Vijijini ikawa wilaya 2012, na ndani yake wamewekwa pamoja watu wa reli wa Nguruka, wavuvi wa Ilagala na Watongwe wa kule kusini kuelekea Kalya na milima ya Mahale, watu ambao wengine kufika makao makuu ya wilaya yao ni safari ya boti na gari.

Lakini kitu cha Waafar kilichonikaa kuliko vyote ni dagu. Waafar wawili wakikutana njiani, hata kama hawajuani, hawapitani. Wanasimama, mara nyingi wanachuchumaa, wanapeana mikono, na kila mmoja kwa zamu anatoa habari: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, malisho yako hali gani, nani amekufa, wapi kuna ugomvi, nani ameonekana anapita. Anayesikiliza anauliza mpaka aridhike, maana yeye naye atakayekutana naye mbele atamdai habari hizohizo. Kusema uongo kwenye dagu ni aibu inayokufuata, na kuificha habari ni kosa. Injinia alisema ukifika mahali kuchimba kisima, siku hiyohiyo watu walio mwendo wa siku mbili wanajua mashine imefika, ya rangi gani, na imekuja na watu wangapi. Huko kwenye jangwa ambako ukikosea kisima unakufa, habari iliyo sahihi ni uhai.

Kwetu Buha salamu nazo ni ndefu. Mtu anapiga makofi taratibu, anainama, anauliza nyumba, ng'ombe, watoto, mashamba, na bibi yangu hakumruhusu mtu kupita uani bila hayo. Vijana wangu darasani wanaiona kama kupoteza muda. Nikiwaeleza dagu huwa wananyamaza kidogo, halafu wanaanza kutaja wenyewe kilichokuwa ndani ya salamu za babu zao: nani ana mbegu, daraja gani limebebwa, ng'ombe wa nani wamepotea.

Kuna mengine nitayapita haraka, ingawa ni makubwa. Waitaliano walijenga reli fupi kutoka pwani ya Eritrea kuelekea Dallol, ikakamilika 1918, kwa ajili ya kubeba potashi, madini yanayotumika kwenye mbolea. Leo yamebaki mabaki. Eritrea ilipojitenga 1993 Ethiopia ikabaki bila pwani, na baada ya vita vya mpakani vya 1998 mpaka 2000 chumvi ya kupikia ya nchi nzima ikawa inategemea zaidi Ziwa Afdera, kusini kidogo, pia kwa Waafar. Pale hawakati mawe. Wanavuta maji ya chumvi kwenye mabwawa na kuyaachia jua, kama inavyofanyika Uvinza sasa.

Lisilopitwa haraka ni vita. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020, na simu na intaneti za Tigray zikakatika kwa muda mrefu. Injinia alikuwa hapa kwetu wakati huo. Kila Jumamosi alikuwa anapiga namba ya mama yake, anasikiliza, anakata. Mwanzoni mwa 2022 mapigano yalishuka mpaka kwa Waafar, Koneba na Berahle, na watu wa pande zilezile zilizokuwa zinabadilishana chumvi na nafaka wakajikuta wanakimbiana. Mkataba wa kusimamisha vita ulisainiwa Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Simu ilipopokelewa hatimaye, alikuwa uani kwetu, na mama yangu ndiye aliyeongea kwanza baada yake, kwa Kiswahili na Kiha kilichochanganyika, na yule mama wa Mekelle akamjibu kwa Kitigrinya. Waliongea kitambo. Sijui ni nini hasa kila mmoja alikielewa, ila hakuna aliyetaka kukata.

Injinia ameshahamia kituo kingine. Pande la chumvi alituachia, liko kabatini. Masika yakianza linatoka jasho, tunaliweka juu ya sahani.

Nitaifundisha Dallol kwa kidato cha tatu muhula ujao pamoja na somo la bonde la ufa, nikianza na wakata chumvi na dagu, joto litafuata. Upande wa Uvinza bado nina pengo. Nataka kusikia kutoka kwa watu ambao wazee wao walichemsha chumvi kwa kuni kabla ya mabwawa: nani alichota, nani alichochea moto, vyungu vilitoka kwa nani, mtemi alipimiwa kwa chombo gani. Ukiwa na mzee wa namna hiyo Uvinza, Basanza au Nguruka, nipigie au nitumie ujumbe, nitakuja na daftari.