Jina la mgeni limegandisha seva

Leo tumeshinda Langoni, Lamu, na kijana wangu wa kazi tukikagua tovuti ya nyumba moja ya wageni kule Shela. Fomu ya kubuku inaganda, prosesa asilimia 100. Mwenye nyumba kashikilia: "Mwanangu, si intaneti tu hiyo?" Hapana, mzee wangu, intaneti haina kosa leo.

Kumbe kwenye sehemu ya jina kuna rejeksi (kanuni ya kukagua mpangilio wa herufi) ya aina hii: (a+)+$, yaani makundi ya herufi a, moja au zaidi, hadi mwisho wa maandishi. Ipe a 30 kisha alama ya mshangao. Injini ya rejeksi (programu inayoikagua) inayorudi nyuma kujaribu upya ina njia zaidi ya milioni 500 za kuzigawa hizo a, na yaweza kuzipitia zote kabla ya kukiri hazilingani. Ongeza a moja, kazi inakuwa maradufu. Mshambuliaji hata nywila hahitaji, anajaza jina tu!

Wakubwa pia yamewakuta. Julai 2, 2019 rejeksi moja iliiangusha Cloudflare, kampuni inayohudumia na kulinda tovuti nyingi, kwa dakika 27. Na maktaba zenyewe (misimbo tayari ya kuendesha rejeksi) zina matobo yake ya usalama: mojawapo, PCRE2, ilizibwa matobo kwenye toleo 10.40, mwaka 2022.

Tumeweka RE2, injini nyingine ya rejeksi, yenyewe hairudi nyuma. Fomu inapita. Malipo yetu ndiyo bado yameganda 😅