Massey 135 iliyolala: isafishe kwanza, kuiwasha baadaye

Pita Masindi, pita Soroti, pita Kasese, popote Uganda, hutakosa trekta nyekundu ya Massey iliyopauka imeachwa chini ya mwembe, matairi yamelala na kuku wanataga karibu na klachi. Ukiuliza, utaambiwa imekufa. Mara nyingi haijafa. Kinachoiua hasa ni pupa ya siku ya kuiamsha: mtu analeta betri ya lori, anamimina dizeli mpya juu ya ile ya zamani, kisha anapiga stata mpaka iungurume. Inapounguruma, kutu yote ya tangi imeshaingia kwenye pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda kupitia nozo, na pampu hiyo ni miongoni mwa vipande ghali kwenye injini.

Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi miaka ya 1970. Ile ya dizeli ina injini ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5, nguvu za farasi 45 hivi. Kwa shamba la ekari chache sijaona trekta ya zamani inayostahili jasho kuliko hii. Ni fupi, inageuka penye nafasi ndogo, inavuta plau ya diski mbili, na spea zake hazijaisha. Kiwanda cha Millat cha Pakistan kilitumia injini ya jamii hiyohiyo kwenye Massey 240, kwa hiyo pistoni, ringi, slivu (ganda la ndani la silinda), gasketi na filta bado zinauzwa. Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, beba ile ya zamani mkononi. Usieleze kwa mdomo.

Jambo moja la kukagua kabla hujashika spana ni boliti. Trekta hii ni ya nyuzi za inchi, si milimita. Baada ya 1972 spea zilipokuwa adimu nchini, watu walifunga chochote kilichokaribia kuingia, na boliti ya milimita iliyolazimishwa kwenye tundu la inchi hushika nyuzi mbili tatu tu. Siku ya kuikaza vizuri inachomoka na chuma cha blok. Kila boliti inayoingia kwa ugumu usio wa kawaida, itoe, safisha tundu kwa tepu ya inchi (chuma cha kuchonga nyuzi), kisha tafuta boliti yake halali.

Injini izungushe kwa mkono kwanza. Weka gia huru, shika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, vuta taratibu. Ikikwama, usiifunge kamba ikavutwe na gari. Sababu ya kukwama mara nyingi ni mvua: ekzosi iliyosimama wima bila kifuniko huteremsha maji moja kwa moja kwenye silinda ambayo valvu yake ya kutolea moshi iliachwa wazi. Ringi zinashikana na slivu kwa kutu. Toa nozo zote tatu, mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, nusu kwa nusu, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, uache siku tatu au nne. Kila jioni jaribu puli kwa kuipeleka mbele na nyuma. Ikiachia, izungushe nozo zikiwa bado nje ili mchanganyiko urukie nje. Ukirudisha nozo huku silinda imejaa kioevu halafu ukapiga stata, kioevu hakibanwi kama hewa, na mkono wa pistoni utapinda.

Chini ya kila nozo kuna washa, yaani pete, ya shaba. Hakikisha ya zamani imetoka kabla ya kuweka mpya. Mara nyingi hubaki imegandia ndani, fundi anaweka nyingine juu yake, nozo inakaa juu kuliko inavyotakiwa na injini inatoa moshi mweusi ambao hakuna anayeelewa unatoka wapi.

Sasa dizeli, na hapa tusiharakishe. Teremsha tangi lote. Tia ndani kipande cha mnyororo mwembamba na lita tatu za dizeli safi, funga, tikisa kwa robo saa, mwaga, rudia mpaka kinachotoka kisiwe na rangi ya chai. Maji usitumie kabisa, kwa sababu tone linalobaki kwenye mkunjo wa bati ndilo litakaloanzisha kutu upya. Bomba la kutoka tangini lipulize kwa pampu ya baiskeli. Kwenye pampu ndogo ya kuvuta dizeli kuna kikombe na kichujio cha waya. Fungua, osha, na utazame kama mpira wa ndani umepasuka. Filta kubwa ni ya CAV, namba 296, na inapatikana kirahisi kwa sababu magari mengi ya zamani yaliitumia. Badilisha pamoja na raba zake zote, kwani raba iliyokauka haivujishi dizeli nje kila mara, bali huvuta hewa ndani.

Pampu ya nozo ya DPA iliyolala muda mrefu usiifungue shambani. Ijaze dizeli safi, iache ilowe siku mbili, kisha jaribu leva ya mafuta na leva ya kuzimia kama zinarudi zenyewe. Leva ya kuzimia iliyoganda kwenye nafasi ya kuzima imewafanya watu wengi wanunue pampu bila sababu. Kama rota, sehemu inayozunguka ndani ya pampu, imeshika, peleka pampu kwa fundi mwenye meza ya kupimia. Ukilazimisha kwa stata utakata kitu ndani.

Kutoa hewa kuna utaratibu wake, na ukiruka hatua moja utamaliza betri bure. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga leva ya mkono ya pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Leva ikiwa haina nguvu ya kusukuma, kemi ya injini imeinua kiwambo, basi zungusha injini kidogo ujaribu tena. Kisha skrubu ya hewa iliyo ubavuni mwa pampu ya nozo, halafu ile ya juu kwenye gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), kwa mtindo uleule. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozo zote tatu, fungua mafuta hadi mwisho, mtu apige stata mpaka kila bomba liruke dizeli. Kaza. Hapo iko tayari kuwaka, ila usiiwashe bado. Kifaa cha kupasha hewa kwenye manifodi hakina kazi kubwa Uganda, labda asubuhi za Kabale.

Kabla ya kuwasha, oili. Mwaga ya zamani ikiwa imekaa usiku kucha, na utazame kinachotangulia kutoka. Maji yakitangulia, tafuta yalikoingilia kabla ya kwenda mbele. Weka 15W-40, lita 7 hivi pamoja na filta mpya, na umalizie kwa kijiti cha kupimia. Vuta kizimio, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke, kisha fungua kifuniko cha juu uone kama oili imefika kwenye roka zinazosukuma valvu. Hapo hapo pima nafasi ya valvu: milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Oili hii ya kwanza imwage baada ya saa kumi za kazi, maana inakuwa imeosha tope la miaka.

Kisafisha hewa ni cha oili, na vumbi letu jekundu ndilo mtihani wake. Bakuli la chini lijae oili hadi alama, si zaidi. Ikizidi, injini huinyonya na inaweza kukimbia yenyewe bila kusikia kizimio. Ikipungua, vumbi linapita. Kagua kila siku ya kazi, na wakati wa kiangazi mara mbili kwa siku. Lakini bakuli safi halisaidii kitu kama bomba la mpira linalotoka hapo kwenda kwenye injini limepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Pitisha kidole mzunguko mzima. Injini iliyofanyiwa ringi mpya ikaanza kutoa moshi wa buluu ndani ya msimu mmoja, tatizo lake mara nyingi liko kwenye mpira huo.

Kwenye radieta, tumia maji ya mvua yaliyochujwa. Maji ya kisima cha pampu katika sehemu nyingi yana chumvichumvi inayoganda ndani ya mirija. Na thamostati irudishwe. Najua mafundi wengi huitupa wakisema huku ni joto. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi dizeli yote, dizeli mbichi inaosha oili kwenye slivu, na slivu zinakwisha.

Injini ikishapumua vizuri, watu hupanda nyuma, wanavuta leva, na mikono ya kuinulia haisogei. Kabla ya kufungua chochote, tazama leva ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine kama slasha. Kwenye 135 ya kawaida pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ya PTO, kwa hiyo leva ikiwa huru pampu imesimama. Ipeleke kwenye nafasi ya injini. Kama bado haiinui, fungua oili. Oili ya gia na ya haidroliki ni moja, imo kwenye bodi la nyuma, na pampu imezama humo humo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia raba ya leva ya gia iliyochanika. Fungua plagi zote za chini, acha imwagike usiku mzima, toa kifuniko cha ubavuni, safisha kichujio cha pampu. Kwa kujaza nunua jerikeni mbili za lita 20 za oili inayofaa gia na haidroliki, mimina taratibu, ngoja ishuke, ndipo upime. Mikono inayopanda kwa kutetemeka, huku ikigonga nyuma ya kiti, inakuambia pampu inavuta hewa au valvu zake zimekwisha. Inayopanda sawasawa lakini ikashuka mara tu injini inapozimwa, tafuta ringi au sili ya silinda ya kuinulia.

Kuna leva mbili za haidroliki na wengi hulimia kwa moja tu. Ile ya kushikilia kimo ni ya slasha na ya kubebea vitu. Ya kulimia ni ile inayosikia mzigo, wazo la Harry Ferguson ambalo trekta nzima imejengwa juu yake: plau ikikutana na udongo mgumu, fimbo ya juu inasukuma springi kubwa, haidroliki inainua kidogo, na uzito unahamia kwenye matairi ya nyuma. Springi hiyo isicheze hata kidogo ukiishika kwa mkono. Ikicheza, plau itakuwa inazama na kuruka, na dereva atalaumu diski.

Klachi kwa kawaida ni ya hatua mbili: nusu ya kwanza inakata mwendo, ukikanyaga hadi chini inakata PTO. Kuibadilisha kunahitaji kuitenga trekta katikati. Kabla ya kulegeza boliti, piga vipande vya mti kati ya ekseli ya mbele na bodi, kulia na kushoto, kwa sababu ekseli hiyo inabembea, na nusu ya mbele ikiachwa bila kabari itaanguka ubavu juu ya mtu. Breki ni za drami kavu. Zikiteleza, usikimbilie kununua lainingi. Mara nyingi ni sili ya ekseli ya nyuma inayovujisha oili juu yake. Bushi za ekseli ya mbele mafundi wa Katwe, Kampala, wanachonga vizuri, ukiwapelekea pini yenyewe ipimwe.

Rangi ni kazi ya mwisho: bati jekundu, injini ya kijivu, rimu za fedha. Osha grisi yote kwanza, la sivyo itabanduka.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Usiwashe kwa kugusisha bisibisi kwenye stata ukiwa umesimama chini, kwa sababu unairuka swichi ya usalama, na trekta iliyo kwenye gia itakupanda. Na usifunge mnyororo kwenye tundu la fimbo ya juu kung'oa kisiki. Vuta kwa chuma cha kuvutia kilicho chini tu. Trekta hii mara nyingi haina fremu ya kumlinda dereva, na ikivutiwa juu inanyanyuka mbele na kupinduka kabla mguu haujafika kwenye klachi.

Jioni, teremsha plau chini, jaza tangi ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kugeuka maji usiku, na ufunike ekzosi kwa mkebe.